Siku moja kwenye meza ya ratiba Mtwara: ndege ndogo na wageni wa likizo wanaorudi

Ni katikati ya Oktoba 2021. Tarehe 11 mwezi huu Uingereza iliiondoa Tanzania kwenye orodha yake nyekundu ya korona, yaani ya nchi ambazo anayetoka huko hufungiwa hotelini akifika, na simu ambazo kwa mwaka mzima na zaidi zilikuwa za kudai nauli irudishwe, sasa zinauliza nafasi. Zuio letu wenyewe la ndege za abiria kutoka nje halikufika hata wiki sita. Liliondolewa 18 Mei 2020. Lakini anga kufunguliwa ni jambo moja, na nchi anakotoka mgeni kumruhusu aje na arudi bila kufungiwa hotelini ni jambo jingine kabisa.

Kazi yetu ni kusafirisha watu wa likizo pwani ya kusini: Mtwara, Lindi, Kilwa Masoko, Mafia, Dar es Salaam. Tuna ndege tatu aina ya Cessna 208B Grand Caravan, zenye injini moja na viti 12 vya abiria kila moja. Mbili zinaruka. Ya tatu ililala muda mrefu na ndiyo inayorudishwa kazini.

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai, hali ya hewa na matangazo ya viwanja. Kusi limeshakata, kaskazi halijaingia, ni matlai. Asubuhi bahari imetulia na upepo wa maana huanza karibu na adhuhuri. Taarifa zote za anga zinaandikwa kwa saa za dunia, yaani saa tatu nyuma ya saa yetu. Hapo pana mtego ambao mtu wa meza hii lazima aujue. Mwenye hoteli Kilwa anasema "saa nne". Tiketi inasema 10:00. Mpango wa safari uliopelekwa kwa waongoza ndege mnarani unasema 0700. Zote ni dakika ileile. Mgeni aliyeambiwa "saa nne" na dereva akaisoma kama saa nne ya kizungu, atafika uwanjani alfajiri ya saa kumi na kukuta geti limefungwa. Wa usiku ndiyo balaa, maana atafika ndege ilishaondoka kitambo. Kwa hiyo kila mstari wa ratiba yetu una saa za namna tatu, ya Kiswahili ikiwa ya kwanza. Ni wino zaidi, lakini safu ile haiondolewi.

Saa 12 na nusu asubuhi

Sasa ndege iliyolala. Wengi wanadhani ndege ikiegeshwa inapumzika. Haipumziki. Vifaa vingine vinahesabiwa kwa saa za kuruka, vingine kwa miezi, na hivyo vya miezi vinaendelea kuisha hata kama rafadha haijazunguka: betri ya kitoa ishara ya dharura, vizima moto, dawa za sanduku la huduma ya kwanza. Ratiba ikipangwa kwa kuangalia saa za injini peke yake, ndege "mpya" itazuiwa kuruka asubuhi ya safari kwa sababu ya kizima moto kilichopitwa na tarehe.

Fundi anaanza na mirija ya kupima mwendo iliyo chini ya mabawa. Anavua mfuniko mwekundu, anaweka tochi, anachungulia. Tundu la mrija halizidi ukubwa wa kalamu, na nyigu wa udongo analipenda kuliko nyumba yoyote. Mdomoni mwa mrija ukiona chembe za udongo mkavu wa rangi ya matofali, hata kidogo kama punje ya ulezi, usipulize na kusema imetoka. Mrija unafunguliwa, njia nzima inasafishwa, kisha inapimwa upya kwa kifaa. Februari 1996 ndege ya likizo ya kampuni ya Birgenair, Boeing 757, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Ilikuwa imekaa bila kuruka na bila mifuniko, mrija mmoja ukaziba, kipima mwendo cha rubani kikadanganya, na wachunguzi walishuku kiota cha nyigu. Agosti 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilitoa onyo juu ya jambo hilihili, kwa sababu taarifa za vipima mwendo visivyoaminika zilizidi pale ndege zilipoanza kutoka maegeshoni. Mwezi mmoja kabla, mamlaka ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 737 zilizokaa siku saba au zaidi zikaguliwe vali za hewa ya injini, maana kutu ilikuwa ikizikwamisha zikiwa wazi na injini kuzimika angani. Siku saba tu! Yetu imekaa miezi, tena pwani, kwenye hewa ya chumvi.

Halafu mafuta. Tenki lililokaa nusu hutengeneza maji kutokana na unyevu wa hewa, na maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Fundi anakinga kutoka kila tundu la kumwagia maji kwa kopo la kuonea, analiinua juani. Mafuta ya ndege karibu hayana rangi, kwa hiyo kopo lililojaa maji matupu linaweza kukudanganya kwamba mambo ni safi. Anachotafuta ni mstari kati ya vimiminika viwili, au kiputo kinachobingirika chini. Ikitoka ute wa kahawia, hao ni vimelea wanaoishi mpakani mwa maji na mafuta. Hapo safari imekufa mpaka tenki litibiwe, na dawa yake iwekwe kwa kipimo kilichoandikwa. Ikizidi, nayo inaharibu injini.

Mwisho betri. Rubani haridhiki na taa za dashibodi kuwaka. Anataka volti 24 kamili kabla ya kugusa swichi ya kuwashia. Betri dhaifu huzungusha injini polepole, hewa inapungua, mafuta yakiingia yanaungua bila hewa ya kutosha na joto linapanda ghafla. Kikomo cha injini hii wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi. Kukivuka kwa sekunde chache kunatosha kuipeleka karakana na kuifuta kwenye ratiba kwa wiki kadhaa. Betri ya akiba ni nafuu mno ukilinganisha.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Ratiba ya msimu wa kurudi hupangwa kinyumenyume. Huanzi na saa ndege ndogo inapotoka Mtwara, unaanza na saa ndege kubwa inapoondoka Dar.

Chukua mgeni anayeruka kutoka Dar saa 11 jioni. Dawati linafungwa saa moja kabla, na siku hizi mistari ni mirefu kwa sababu kila cheti cha kipimo cha korona kinasomwa. Kwa hiyo awe mlangoni saa 8 mchana. Ndege ndogo zinatua upande wa jengo la kwanza, za kimataifa zinaondokea jengo la tatu lililofunguliwa 2019, na kati yake si mwendo wa kutembea na mabegi. Ni gari kuzunguka. Caravan basi itue si zaidi ya saa 7 na nusu. Sasa rudi nyuma: Mafia hadi Dar dakika 35, Kilwa hadi Mafia 30, Lindi hadi Kilwa 30, Mtwara hadi Lindi 25. Hizo ni saa mbili. Vituo vitatu vya dakika 15 kila kimoja, saa mbili na dakika 45. Ongeza saa nzima ya akiba. Unapata saa 4 kasorobo kutoka Mtwara.

Saa ile ya akiba ndiyo kila mtu anataka kuila. Ukiiondoa, safari ya pili ya siku inaingia vizuri kwenye karatasi. Tunakataa. Mashirika ya likizo ya Ulaya hayaji kila siku. Mengi yana ndege moja au mbili kwa wiki kwenye njia moja, na zikijaa zimejaa. Aliyekosa ndege ya shirika la kawaida anaondoka kesho. Aliyekosa ya likizo anaweza kusubiri wiki, na cheti chake cha kipimo cha saa 72 kinakufa akiwa bado Dar.

Saa 3 asubuhi

Mzani. Uzito wa juu wa kuruka wa ndege hii ni kilo 3,969. Yetu tupu, pamoja na marubani wawili na vifaa, ni kama 2,400. Mafuta ya saa mbili kwa wastani wa kilo 170 kwa saa ni 340. Ya kwenda Zanzibar kama Dar imefunga ni 60. Akiba ya dakika 45 ni 130. Ya kutembea ardhini na ya tahadhari inafikisha 600, ambayo ni lita 750 hivi. Zimebaki kilo 969. Mtu wa kilo 80 na begi la 15 ni 95. Kumi ni 950.

Viti ni 12, watu ni 10. Hesabu hii inaumiza wakala aliyekaa miezi bila mauzo, na simu ya asubuhi huwa ni yeye. Rubani naye ukimpigia jibu lake ni moja.

"Kapteni, shikamoo. Lindi wameongezeka wawili."

"Marahaba. Wana kilo ngapi?"

Hakuulizi ni nani. Ni sawa. Mafuta hayapunguzwi ili kumpata mtu wa kumi na moja, maana hatupangi safari kwa kutegemea kujaza Lindi wala Kilwa. Mabegi yawe laini; sanduku gumu la magurudumu mara nyingi halipiti kwenye mlango wa kapu la mizigo chini ya tumbo la ndege, hata likiwa na kilo 12 tu.

Saa 4 kasorobo hadi saa 7 na nusu

Imeondoka. Kinachofuata ni simu za vituo. Kabla ya kila kutua, mtu wa kiwanja anapita njia nzima kwa pikipiki: mbuzi, watoto wa shule, mawe. Kiwanja kilichokaa bila ndege watu hukizoea kama barabara ya mkato, na kukizoesha tena ndege kunachukua wiki kadhaa. Wageni wa Oktoba wengi wanashuka Mafia kwa ajili ya papa potwe, msimu wake ndiyo unaanza, huku nyangumi wa Mtwara wakikaribia kuondoka mwezi ujao.

Saa 8 mchana

Ratiba ya miezi ijayo. Jambo la kwanza la kuweka wino: Ulaya inaanza ratiba ya majira ya baridi Jumapili tarehe 31 Oktoba, na usiku huohuo wanarudisha saa zao nyuma. Sisi hatubadilishi. Ndege inayoondoka kwao saa ileile ya siku zote, itatua kwetu saa moja baadaye. Miunganisho yote iliyopangwa kwa ratiba ya kiangazi inahesabiwa upya, na kila mwaka pana mtu anayesahau.

La pili ni kupima ahadi. Kwa kawaida shirika la Ulaya linapoteza nafasi zake za kutua viwanja vilivyojaa kama halitumii asilimia 80. Kwa majira haya kiwango kimeshushwa hadi 50, ili wasilazimike kurusha ndege tupu. Ni uamuzi mzuri, lakini maana yake kwetu ni kwamba safari iliyochapishwa inaweza kufutwa au kuunganishwa na nyingine bila shirika kuumia. Kwa hiyo safari ya kwao yenye siku moja kwa wiki tunaiandikia penseli mpaka wiki tatu kabla.

La tatu, marubani. Asiyeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria mpaka azirudie. Kwa hiyo ndege ya tatu ikitoka kwa fundi, saa zake za kwanza hazina tiketi: ni mizunguko ya Mtwara na Lindi, marubani wakirudisha mikono, fundi akisikiliza injini. Tunauza ndege mbili, ya tatu inakaa akiba mpaka imalize wiki mbili bila kasoro. Wapo wanaouza zote tatu tangu siku ya kwanza. Siku ndege moja ikilala, wageni wa vituo vinne wanabaki, na hakuna kampuni jirani yenye viti vya kuwabeba.

Saa 10 jioni

Hiki ndicho kikomo cha ndege yetu kuondoka Dar. Mtwara ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, saa moja na nusu ukihesabu kila kitu. Jua la Oktoba linazama saa 12 na dakika chache, nasi tunataka magurudumu yaguse nusu saa kabla. Ikipita saa 10 kamili haijaondoka, inalala Dar, na safari ya kesho inahamishwa jioni hiihii. Ukisubiri asubuhi, wa Lindi watakuwa wameshatoka nyumbani.

Leo imetoka saa 10 kasoro dakika 8.

Saa 12 jioni

Injini ikishapoa, fundi anaipitisha maji safi kuosha chumvi kwenye mapanga ya ndani yanayokandamiza hewa, akiizungusha kwa betri sekunde 30 kwa wakati kisha anaipumzisha. Pwani hii kazi hiyo ni ya kila siku. Mifuniko inarudi: mdomo wa hewa, bomba la moshi, mirija yote miwili. Anaihesabu kwa sauti na kuandika idadi kwenye daftari, ili kesho idadi ileile ivuliwe.

Ujumbe wa mwisho unakwenda kwa vituo vyote. Saa 4 kasorobo asubuhi, 09:45, 0645. Abiria tisa, kilo 861.