Kilwa Kisiwani, mji uliotoka baharini

Watu wengi wakisikia Kilwa, kule pwani ya kusini mwa Tanzania, wanawaza magofu tu, kuta zimebomoka na historia ya shuleni, halafu wakitaka bahari wanaenda zao Zanzibar. Mimi naona pale huwezi kabisa kutenganisha magofu na bahari kwasababu mji wenyewe ulitoka humo humo majini.

Angalia kuta za Msikiti Mkuu. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na hiyo chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Ila kwenye kazi ya nakshi, kama mihrabu (kile kishubaka cha kuonyesha kibla) na miimo ya milango, mafundi walikuwa wanatoa matumbawe mabichi chini ya maji, maana yakiwa mabichi ni laini, unachonga unavyotaka, yakishakaa nje yakakauka yanakuwa magumu haswa, ndo maana mpaka leo kazi ya mkono wa fundi unaiona vizuri kabisa! Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, kwahiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, boriti ikiishia hapo na chumba kinaishia hapo. Ile sehemu ya msikiti yenye makuba iliongezwa karne ya 14, nilisimama pale naangalia juu mpaka shingo ikauma.

Husuni Kubwa, jumba la kifalme, nayo ni habari nyingine, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliijenga juu ya jabali, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, bahari iko pale chini yako. Utajiri ulitoka kwenye dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika 1331 akausifu mji, Wareno wakaja 1505 wakaupora.

Kinachonigusa zaidi lakini ni mikoko. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, ziliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 1981, halafu 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe na kuta za karibu na maji zinaanguka. Wakakarabati, na wakapanda mikoko ipunguze nguvu ya maji, 2014 zikatolewa kwenye hiyo orodha. Yaani mti uleule uliobeba dari za masultani ndo leo unazuia wimbi lisifike ukutani, sasa mtu anapokata mkoko pale akachome mkaa mi roho inaniuma kweli, anakata na msikiti.

Mkienda, anzieni Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo ya kisiwa upande wa bara, mchukue kibali, mvuke kwa boti au dau na mtembezwe na mwenyeji wa kisiwani. Vipande vya vyombo vya Kichina mtaviona chini mchangani, viacheni hapohapo. Na kama muda upo unganisheni na Songo Mnara, ila boti ya kule inategemea maji kujaa, kwahiyo ongeeni na nahodha siku moja kabla.