Shriram Lagoo, daktari wa koo aliyehamia jukwaani

Kwa miaka mingi nilimjua kwa sura tu. Katika filamu ya Muqaddar Ka Sikandar ya mwaka 1978 alikuwa baba wa yule binti ambaye shujaa anampenda tangu utotoni, na katika Laawaris ya mwaka 1981 alikuwa mlevi anayelea mtoto asiye wake. Ni mtu ambaye macho humwona kila filamu na ulimi haumtaji. Nilipoanza kufuatilia maisha yake ndipo nilipotambua kwamba filamu hizo za Kihindi zilikuwa ukingoni mwa kazi yake, na kwamba kwao Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, kwa watu wanaozungumza Kimarathi, Dakta Shriram Lagoo alikuwa kwanza kabisa mtu wa jukwaa. Nilitambua pia jambo lililonigusa zaidi: katika miaka ya 1960, kabla hajawa mwigizaji wa kulipwa, alifanya kazi ya udaktari Tabora, nchini Tanzania.

Alizaliwa Satara tarehe 16 Novemba 1927, akasomea udaktari mjini Pune na kubobea katika upasuaji wa masikio, pua na koo, kisha akaenda Kanada na Uingereza kujiendeleza. Muda wote huo hakuacha kuigiza. Alikuwa miongoni mwa nguzo za kikundi cha Progressive Dramatic Association cha Pune, akifanya mazoezi baada ya saa za kazi kama walivyofanya walimu na makarani waliokuwa wenzake. Mwaka 1969, akiwa na miaka 41, aliweka kando vifaa vya upasuaji na kuufanya uigizaji kuwa riziki yake. Watu humsifu kwa ujasiri huo, nami namsifu, lakini naona tusisahau kwamba alihamia mahali penye mizizi. Maonyesho ya tamthilia kwa Kimarathi yanahesabiwa tangu mwaka 1843, Vishnudas Bhave alipoonyesha tamthilia yake mjini Sangli, na watazamaji wa huko hukata tiketi, hukaa kimya, na humjua mwigizaji anayebabaisha.

Baada ya takriban mwaka mmoja tu alipewa mzigo ambao wengi husubiri maisha yao yote. Tarehe 23 Desemba 1970 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya Natsamrat, yaani mfalme wa waigizaji, iliyoandikwa na V. V. Shirwadkar, mshairi anayejulikana zaidi kwa jina la Kusumagraj. Mhusika mkuu, Ganpatrao Belwalkar, ni mwigizaji mkongwe aliyestaafu baada ya kucheza nafasi kubwa za Shakespeare. Anagawa mali yake yote kwa watoto, kisha yeye na mkewe Kaveri wanaishi kwa mwana, wanahamia kwa binti, na huko mzee anashukiwa wizi. Wanatoka usiku. Kaveri anafariki, na mfalme wa jukwaa anabaki barabarani, akisitiriwa na kijana anayeng'arisha viatu.

Hapo ndipo lilipo lile tukio ambalo Wamarathi wengi wanalijua hata kama hawakuiona tamthilia yenyewe. Mzee anasimama mbele ya watu na kuomba nyumba. Haombi jumba la fahari wala cheo. Anajifananisha na tufani iliyochoka kuvuma, inayotafuta pembe ya kulala ambapo hakuna atakayeifukuza. Maneno ni ya kishairi, yamepanda juu sana, na mwigizaji akiyapaza kupita kiasi yanageuka kelele. Lagoo aliyachukua kama ombi halisi la mtu mwenye baridi. Fikiria pia hesabu yake: nafasi ya mtu aliyemaliza miaka mingi jukwaani ilichezwa na mwanamume wa miaka 43 aliyeiacha hospitali juzi. Naamini udaktari ulimsaidia hapo kuliko shule yoyote ya maigizo, kwa sababu aliyewahi kukaa na wagonjwa anajua jinsi mzee aliyeishiwa nguvu anavyovuta pumzi kabla ya kuomba kitu.

Alikuwa mwongozaji pia, tena mwenye msimamo. Alipoiongoza Gidhade, tamthilia ya mwandishi Vijay Tendulkar, wakaguzi wa maonyesho walikataa doa jekundu kwenye sari ya mhusika mmoja, doa lililoashiria mimba iliyoharibika. Lagoo aliligeuza kuwa la bluu, kisha kabla ya onyesho watazamaji wakatangaziwa kwamba bluu watakayoiona waichukulie kuwa nyekundu. Sheria ilitiiwa, na kila aliyekaa ukumbini aliiona damu.

Katika filamu za Kimarathi alikuwa mwalimu mnyoofu anayeporomoka katika Pinjra ya V. Shantaram mwaka 1972, na katika Samna na Sinhasan za Jabbar Patel alikabili mambo ya siasa na madaraka. Gharaonda ya mwaka 1977, iliyompa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, ilimrudisha kwenye suala lile lile la nyumba, safari hii kupitia wachumba wawili wa Bombay waliotapeliwa fedha za makazi yao. Yeye ni tajiri mgonjwa anayemwoa yule mchumba wa kike. Alicheza nafasi ya Gopal Krishna Gokhale, mwanasiasa aliyemwongoza Gandhi, katika filamu ya Gandhi ya mwaka 1982, na katikati ya miaka ya 1980 Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, ilimwingiza sebuleni mwa watu kupitia mfululizo wa Khandaan.

Hakuamini kuwepo kwa Mungu na aliandika wazi kwamba wakati umefika wa kumstaafisha. Mimi ni mtu wa imani na siwezi kumfuata huko, lakini namheshimu kwa kuwa hakuficha neno hilo katika nchi ambayo mwigizaji huishi kwa upendo wa umma. Yeye na mwigizaji mwenzake Nilu Phule walipanda jukwaani kuchangisha fedha za kuwasaidia wanaharakati wa kijamii wasiokuwa na mshahara. Mwanawe Tanveer alipouawa kwa jiwe lililorushwa kwenye treni, yeye na mkewe Deepa, ambaye naye ni mwigizaji, walianzisha tuzo yenye jina la kijana huyo kwa ajili ya watu wa tamthilia.

Mwaka 1999, akiwa amevuka miaka 70, alirudi jukwaani katika tamthilia ya Surya Pahilela Manus, iliyoandikwa na Makarand Sathe na kuongozwa na Atul Pethe. Alicheza Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mzee wa takriban umri wake, anayeulizwa maswali na jiji lake na kukataa kuyafuta aliyoyasema. Alifariki Pune tarehe 17 Desemba 2019, akiwa na miaka 92.