Tulivyolifuta swali la tatu

Fomu yetu ya kwanza ilikuwa na maswali matano. La tatu liliuliza: "Kaya yako huingiza kiasi gani kwa mwezi?" Niliitunga mwenyewe usiku mmoja, nikatoa nakala 200, nikalala nikijiona mtu wa maana. Miezi miwili baadaye nakala zaidi ya 180 zilikuwa bado kabatini, na mboga tulizokusanya kwa ajili ya watu zilikuwa zinaozea kwenye makreti nyuma ya ukumbi.

Mimi ni mratibu wa asasi ndogo ya hisani kijijini. Ukisikia mratibu usiwaze ofisi. Ni mtu mwenye ufunguo wa ukumbi, simu na mfuko wa risiti. Tulikuwa tumepata fedha za miradi mitatu: chakula, ustawi na tabianchi. Mradi wa chakula ulikuwa wa kukusanya ziada ya mboga na matunda mashambani na kuigawa. Wa ustawi ulikuwa kikao cha kila Jumatano kwa watu wapweke. Wa tabianchi ulikuwa lundo la mboji na tangi la maji ya mvua. Kila mmoja na bajeti yake, ripoti yake na faili lake, na ukiyatazama mafaili yamejipanga kwenye rafu ungesema hapa kuna kazi inafanyika.

Kijijini kuna jambo ambalo watunga fomu hatulifikirii. Anayepanga foleni ya msaada mjini amezungukwa na wageni. Kijijini nyuma yako yupo mwalimu wa mwanao, mbele yupo shemeji, na baiskeli uliyoiegesha nje inatambulika kwa kila apitaye. Kuingia tu ukumbini siku ya mgao ni kutangaza hali ya nyumba yako.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo. Alikaa, akachukua kalamu, akaandika jina, akajaza idadi ya watu nyumbani, akafika swali la tatu. Akaiweka kalamu chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mwanangu," akaniambia, "nimesahau miwani nyumbani. Nitarudi." Miwani yake ilikuwa inaning'inia shingoni kwa kamba. Sote wawili tuliiona. Nikamjibu, "Sawa mama, karibu tena," akaenda zake mikono mitupu.

Wiki ile nililifuta swali la tatu. Wiki iliyofuata nikaifuta fomu nzima, na hapo kamati ikaja juu. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye busara nyingi ila asiyependa vitu visivyo na orodha, akasema wasio na shida watakuja kujibebea. Nilimwambia mboga iliyochumwa haimsubiri mwenye shida halali ajitokeze, inaoza. Sikushinda ubishi ule kwa hoja. Nilishinda kwa kumpeleka nyuma ya ukumbi akanuse makreti. Na kusema kweli, hofu yake haikuwa ya bure. Wako waliobeba kupita kiasi. Kijana mmoja alikuja na gunia mara mbili asubuhi moja. Tulimpa kisu na sufuria ya vitunguu vya kumenya, akabaki, na mpaka leo ndiye mkataji wetu wa kasi.

Maana ndivyo tulivyobadilisha: hakuna mgao tena. Jumamosi mnakuja mnamenya, mnakatakata, mnapika chungu kimoja, mnakula pamoja, na kila mtu anaondoka na kilichobaki, kibichi au kilichopikwa. Mwenye nyumba kubwa na asiye na kitu jikoni wanashika visu vya aina moja. Ukimkuta mtu nje na mfuko wa mboga huwezi kujua alikuja kusaidia au kusaidiwa, na mara nyingi hata yeye hajui. Jumamosi ya kwanza walikuja watu tisa. Ya nne sikuhesabu, nilikuwa natafuta viti.

Kama unataka kuanzisha kitu cha namna hii, usichezee usalama wa chakula. Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano na tunazifuata kama dini: usafi, kibichi kisigusane na kilichopikwa, kupika mpaka kiive kabisa, kuhifadhi kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Inayosahaulika ni ya nne. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Ama kiwe cha moto kupita nyuzi 60 za Selsiasi, ama kiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Tumeweka saa ya kengele juu ya rafu. Chungu kikiepuliwa inategwa, ikilia kilichobaki kinaingia kwenye vyombo na friji bila mjadala. Watu walicheka mwanzoni. Sasa ikichelewa kutegwa wananigombeza mimi.

Sasa mboji. Jumamosi ilipochangamka, maganda yakawa ndoo kwa ndoo, nasi tukawa tunamwaga tu. Ndani ya wiki mbili lundo likanuka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mnyama kafia pale. Nilikuwa nimelundika vitu vibichi vitupu, vimeloa, vimeshikana, hewa haipiti. Hapo vijidudu visivyohitaji hewa ndivyo hutawala, na kazi yao huishia kwenye methani, gesi ambayo kwa uzito ule ule hupasha dunia joto takriban mara 28 ya hewa ya ukaa ukipima kwa miaka 100. Kwa maneno mengine, mradi wangu wa tabianchi ulikuwa umejiunga na upande wa pili. Sikuliandika hilo kwenye ripoti ya robo mwaka.

Dawa yake si ya gharama. Vijidudu vinavyoozesha vizuri vinataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Huna haja ya maabara: kwa kila ndoo ya maganda mabichi weka mbili au tatu za vitu vikavu, majani, mabua, maboksi yaliyochanwa. Zile fomu 180 na ushei ziliingia humo pia, na sikuwahi kuchana karatasi kwa raha namna ile. Lundo liwe angalau mita moja kila upande, la sivyo halishiki joto. Chota konzi uiminye: yakitoka matone mawili matatu ya maji, unyevu umetosha, yakichuruzika, ongeza kavu. Kisha geuza. Siku ya nne baada ya kulijenga upya nilichomeka kipimajoto kikaonyesha nyuzi 58. Joto likikaa 55 na kuendelea kwa siku tatu hivi, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa hufa. Likipita 70, na hao wema wanaanza kufa, kwa hiyo geuza lipoe.

Tangi la mvua nitalipitia haraka kwa sababu ni aibu yangu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 80, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni kama lita 1,600 ukiacha zinazopotea njiani. Nilinunua tangi la lita 1,000. Piga hesabu kabla ya kununua.

Kikao cha ustawi nilikuwa nimekiandaa kwa moyo: viti kumi na viwili kwa duara, na katikati kimeza chenye kasha la tishu, kama vile tumeshakubaliana kwamba lazima mtu alie. Walikuja watu watatu. Mmoja nilikuwa mimi, mwingine mwezeshaji. Huku nje, mzee mmoja aliyekuwa hasemi zaidi ya salamu alikuwa anakuja kila asubuhi kuangalia lundo. Nikampa kipimajoto anishikie wakati nageuza. Kesho yake alikuja na daftari. Akawa anaandika tarehe, joto, na kama kumenyesha.

Wiki ya sita au ya saba hivi, tukiwa tunageuza, macho yote yako kwenye uma, akasema, "Mke wangu alifariki mwezi wa nne." Sikusimama. Nilisema pole mzee, nikaendelea kugeuza, naye akaendelea kusimulia mpaka lundo likaisha. Ningekuwa nimemketisha kwenye duara langu asingefungua mdomo. Tulivunja kikao cha Jumatano, mwezeshaji tukamhamishia kwenye meza ya kumenyea, akapewa kisu kama wengine. Lakini meza si hospitali. Dada mmoja alipotamka kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi, niliweka kisu chini na tukaongozana hadi kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo. Namba zao zibandikwe ukutani kabla hujazihitaji.

Ikabaki ripoti. Mfadhili mmoja alitaka orodha ya wenye uhitaji, majina na kipato. Nilimwandikia kwamba orodha hiyo ndiyo iliyotuozeshea mboga. Nikampa vingine: kilo zilizoingia, kilo zilizoliwa, kilo zilizokwenda kwenye mboji, sahani, na vichwa kwa mistari mitano mitano bila jina. Nikaongeza kwamba kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu sehemu moja ya tano ya kilichowafikia walaji, kwa hiyo kuhesabu kilo si ujanja wa mtu mvivu wa fomu. Hakukubali, na fedha za mwaka wa pili hazikuja. Tuliumia, gari la kukusanyia mboga tuliliachia na sasa tunabebea baiskeli. Mfadhili wa pili alisoma barua ile ile, akauliza swali moja tu, kama mizani yetu huwa inakaguliwa. Huwa inakaguliwa.

Mama wa miwani alirudi Jumamosi moja bila kutaja fomu, nami sikuitaja. Juzi nilikuwa nafunua daftari la mzee kutafuta joto la wiki, nikakuta mstari: "Jumanne. 61. Mvua kidogo. Nimefunika. Mama wa miwani kaleta majani makavu magunia mawili, kasema kesho atakuja kugeuza yeye."