Mkono utulie, na ulimi je?

Kaka yuko Dar, na jana usiku alipiga simu tena kuhusu upasuaji wa ubongo wa Baba, ambaye ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha mkono. Kaulizia, kaambiwa India inawezekana, sasa anataka ukoo uanze kuchanga. Sijalala vizuri.

Si kwamba napinga. Tangu 1987, huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid na wenzake walipoanza kutuliza mtetemeko kwa umeme unaopelekwa ndani kabisa ya ubongo bila kukoma, watu wengi wamesaidika. Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa mtetemeko mwaka 1997, na kwa dalili nyingine kubwa za Parkinson mwaka 2002. Waya mwembamba hupenyezwa hadi kwenye kiini kidogo cha ubongo, na betri hulazwa chini ya ngozi ya kifua. Mkono hutulia, na wengine hupunguziwa levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu. Ila ugonjwa hauponi. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinaendelea kufa.

Kinachoninyima usingizi ni maneno. Baba alikuwa dalali wa samaki mwaloni Kibirizi, Kigoma, maisha yake yote yamepita mdomoni. Na jambo ambalo tafiti zinalirudia kuliko yote, kwa upande wa akili baada ya upasuaji huu, ni kwamba wepesi wa kutoa maneno hupungua. Kumbukumbu na uelewa kwa wengi hubaki kama vilivyokuwa, mradi mgonjwa awe amechaguliwa vizuri. Mwenye dalili za demensia, ile hali ya akili na kumbukumbu kudhoofika sana, kwa kawaida hafanyiwi. Hata njia inayopita waya ina uzito wake: ukigusa sehemu iitwayo kaudeti, hatari ya akili kudhoofika huongezeka. Mahali pa kuchochea pia pana tofauti, na madaktari wengine huchagua sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo globasi palidasi wakiona maneno ya mgonjwa tayari yanasuasua.

Wepesi huo wa maneno wanaupima kwa kumwambia mtu ataje vitu vya aina moja kwa dakika moja. Nilimwomba Baba ataje samaki wa Tanganyika. "Dagaa, mgebuka, kuhe, sangara, singa…" Akasita, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama anavyofanya siku hizi. Kisha akaacha orodha, akaanza kunieleza jinsi kuhe dume na jike wanavyolinda makinda yao pamoja. Dakika ikaisha zamani. Kwa kipimo, alama ndogo. Kwangu mimi huyo ndiye Baba, na namtaka hivyohivyo.

Lakini haki ya kuamua ni yake. Leo asubuhi nikamweleza yote, hata kwamba Parkinson yenyewe huweza kuyala maneno bila upasuaji wowote. Akasema mkono umemchosha, hasa vifungo vya kanzu siku ya Ijumaa na kulishwa mbele ya wajukuu. Akauliza, "Maneno yatapotea yote?" Nikamwambia hapana Baba, mara nyingi yanachelewa kuja.

Nimemwandikia Kaka kwamba kabla ya mchango aanze na daktari wa mishipa ya fahamu hukohuko Dar, na Baba apimwe akili kikamilifu kwanza, maana keshavuka sabini. Baba akaongeza sharti lake: wampime kwa Kiswahili au Kiha. Akipimwa kwa Kiingereza, anasema, ataonekana kapoteza maneno ambayo hakuwahi kuwa nayo.