Sifuri Mbili za 641

Desemba 1994 nilikuwa likizo kwa mjomba, Muheza, nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha pili. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini chaki haikuwa imemtoka mkononi. Jioni moja barazani akaniandikia: 3, 5, 17, 257, 65,537.

"Chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, halafu jumlisha 1. Zote hizi hazigawiki, ila kwa 1 na kwa zenyewe. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, karne ya 17 huko, aliamini hata ukiendelea hutapata ya kugawika. Haya, mjomba, hii je?"

Akaandika 4,294,967,297.

Kalkuleta yake ilionyesha tarakimu nane tu, na hii ina kumi. Ikabidi kalamu. Alinipa msaada mmoja, wa mwanahisabati Leonhard Euler: kama ina kigawo kisichogawika, kigawo hicho ukikigawanya kwa 64 lazima kibaki 1. Msitu mzima ukafyekwa! Chini ya 700 zilisalia tano tu: 193, 257, 449, 577, 641.

193 ikabakisha 109. 257 ikabakisha 2, nikadhani nimekaribia. Mjomba akatikisa kichwa: zidisha zile tano za mwanzo zote, ongeza 2, unapata hii hii. Kwa hiyo yoyote kati yao itabakisha 2, siku zote.

641 niliifikia usiku, kwa taa ya chemli. 4294 toa 3846, baki 448. Shusha 9, toa 4487, baki 2. Nikashusha, nikashusha, na mwisho kabisa ikajitokeza tena 4487 ile ile, baki sifuri.

"Siyo tasa!" nilipiga kelele.

Mjomba akainua mkono. Mkewe alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hawakujaliwa mtoto. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba jioni nzima mjomba alikuwa akisema "isiyogawika". Neno la vitabuni hakulitamka hata mara moja.

"Zidisha tuhakiki," akasema kwa upole.

Nikapata 429,737,297. Tarakimu moja imepotea! Tulirudi mstari kwa mstari, kidole chake kikitangulia. Baada ya ile baki ya 2, kushusha 6 kulidai sifuri, na kushusha 7 kulidai nyingine. Mimi nilikuwa nimeandika moja. Nikasahihisha: 6,700,417. Nikazidisha upya kwa 641, na safari hii tarakimu zote kumi zikatimia.

"Ndiyo aliyoipata Euler mwaka 1732," mjomba akasema, akampelekea mkewe daftari.

Aliliinamisha kwenye mwanga, akaweka kidole chenye vumbi la mchele chini ya namba mbili za mwisho.

"Na hizi, zinagawika?"

"Hizo hapana," mjomba akamjibu. Akaketi kando yake, akavuta ungo, wakaendelea kuchambua pamoja.