Kumbe BPA ilikuwa inatoka kwenye polima yangu mwenyewe

Jamani miezi miwili nilikuwa naikuta BPA, ile kemikali ya kutengenezea plastiki, kila mahali, nyanya ya kopo ipo, maharage ya kopo yapo nayo, mpaka maji matupu niliyokuwa napima kama kontroo nayo ipo! Kilele kilekile kwenye grafu ya HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali, dakika ileile. Nikashuku plastiki, nikatupa tipu na vichupa vyote nikahamia kwenye glasi, nikasuuza na methanoli mpaka vidole vikapauka, wapi.

BPA ndo inatengeneza epoksi wanayopaka ndani ya makopo, inahamia kwenye chakula kidogo mno, ila kidogo hicho si cha kupuuza maana EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2023 walishusha kiwango salama cha kula kwa siku mpaka nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili. Sasa kwenye nyanya kuna makorokoro kibao, ndo maana nilitengeneza polima, kitu cha jamii ya plastiki, ya kuichuja BPA: unachanganya BPA na vinilipiridini na EGDMA, kemikali zinazoungana kuwa polima, unapitisha nitrojeni kufukuza oksijeni, unaiacha kwenye 60°C mpaka kesho yake, inatoka ngumu kama jiwe, unaitwanga, unachekecha, halafu unaiosha BPA itoke ibaki na vishimo vya umbo lake.

Shida iko hapo kwenye kuosha, haiishi! Soxhlet, kile chombo cha kuosha kwa kimiminika kinachochemka na kuzunguka, siku tatu, methanoli kwa asidi ya asetiki 9 kwa 1, bado inavuja. Yani ni sawa na kuonja kama chai ina sukari kwa kijiko chenye sukari.

Fundi wa maabara, mzee wetu mmoja mpole, akaniangalia akasema, "Sasa mwanangu, kwani lazima ufinyangie kilekile unachokitafuta?"

Nikanyamaza. Kesho yake nikatengeneza polima upya, badala ya BPA nikachukua fenolfthaleini, ile ile indiketa ya taitresheni ya form four, maana nayo ina zile pete mbili za fenoli kama BPA, vishimo vinakaribiana. Na raha yake sasa, kujua kama imeisha kutoka unachukua maji ya kuoshea kidogo unaweka NaOH mpaka asidi iishe, ikigeuka pinki rudisha ukaoshe tena. Siku ya nne hakuna pinki. Hata ikibaki chembe, kwenye kolamu, lile bomba la HPLC, inatoka dakika yake nyingine, haigusi BPA.

Nikapitisha maji matupu, mstari umelala kabisa. Nilipiga kelele mpaka mzee akaja na chai mkononi. Halafu nikakumbuka yale majedwali yote ya nyanya niliyoshampelekea msimamizi...