Nilivyoifuatilia historia ya Triad na majengo yake Nairobi

Niliichagua Triad, kampuni ya wasanifu majengo iliyoanza hapa Nairobi miaka ya 1960, kwa sababu ya mtu mmoja: Amyas Connell. Alizaliwa New Zealand mwaka 1901, akajijengea jina Uingereza kwa nyumba nyeupe ya High and Over, iliyokamilika 1931 mjini Amersham, kisha akapitia Tanganyika hadi Nairobi, ambako alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni hiyo.

Magazeti ya zamani yalinipa majina ya waliokata utepe. Wasanifu walitajwa kwa nadra, jambo lililoniuma. Basi nikayaendea majengo ya Connell yenyewe.

Sheria House ndiyo iliyonifungua macho. Connell aliichora wakati wa ukoloni kuwa ofisi za wanasheria wa serikali. Ofisi za serikali si mahali pa kupigapiga picha, kwa hiyo nilichora kwa penseli ile kimia ya zege, yaani ukuta wa matundumatundu, inayokinga madirisha. Baadaye nilimwonyesha michoro hiyo mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa zege aliyestaafu.

“Umeona viungo, mwanangu? Kipande kikijirudia hivi, ujue kilimwagwa chini kwenye fomu, yaani kalibu, kikamwagiliwa maji siku kadhaa, ndipo kikapandishwa. Fomu moja inatoa vipande vingi.”

Tangu hapo nilijua cha kutafuta. Nairobi iko takribani digrii moja tu kusini mwa Ikweta: jua la mchana hupiga paa, la asubuhi na la jioni huingia madirishani likiwa chini. Kikinge kioo kwa nje, uache upepo upite, na ofisi itakalika bila mitambo ya kupoza hewa. Hospitali ya Aga Khan kule Parklands, iliyofunguliwa 1958, ni kazi ya Connell pia, na zege yenye matundu imo. Majengo ya Bunge aliyasanifu pamoja na msanifu mwenzake, Thornley Dyer; kwangu mnara wake wa saa una London nyingi kuliko Nairobi, lakini hayarukwi.

Ukitaka kuanza, nenda Harambee Avenue, iliko Sheria House, asubuhi, halafu urudi saa kumi jioni. Chora vivuli mara zote mbili. Kisha panda Upper Hill uitazame minara ya vioo vitupu inayopigwa na jua hilohilo. Mimi hunitia uchungu, maana jibu lilikuwepo mjini kabla ya Uhuru.